Jinsi ya kuwa mwakilishi wa kiufundi kwenye mkataba wa serikali ya Marekani bila kuvuka mamlaka yako

Ukiletewa barua ya kukuteua uwe mwakilishi wa kiufundi wa mkataba, usikimbilie kuitia sahihi. Kaa nayo, uisome kutoka juu hadi chini, kisha uirudie ukiwa na kalamu mkononi. Ndani ya barua hiyo imo kazi yako yote, na yamo pia mambo yote usiyoruhusiwa kuyafanya. Wapo wanaoipokea kama barua ya kupandishwa cheo: wanaitupia kwenye droo, halafu wanaanza kumsimamia mkandarasi kwa mazoea ya kazi yao ya zamani. Matatizo mengi niliyoyaona kwenye mikataba ya serikali yalianzia kwenye droo hiyo.

Nawaandikia wenzangu wanaozungumza Kiswahili walioajiriwa na serikali kuu ya Marekani: wahandisi, wauguzi, watu wa kompyuta, watu wa maghala. Kazi yangu ni majengo. Nasimamia mikataba ya matengenezo ya mitambo ya kupoza hewa, jenereta za dharura na lifti, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka kwenye vyumba vya mitambo. Wewe ukiwa unasimamia mkataba wa programu za kompyuta au wa chakula cha hospitali, badilisha vyombo tu. Utaratibu ni uleule.

Kwanza tujue nani ni nani. Anayeweza kuifunga serikali kwa mkataba ni afisa mikataba, yule mwenye hati ya mamlaka inayoeleza ukomo wake. Ndiye anayesaini, anayebadilisha masharti na anayevunja mkataba. Lakini afisa huyo anaweza kuwa na mikataba mingi mezani, na si lazima ajue kama pampu inayolia imekufa beringi au imekosa grisi. Ndiyo maana anamteua mtu mwenye ujuzi wa fani awe macho yake kwenye eneo la kazi. Watu wengi watakuita kwa kifupi cha Kiingereza COR (Contracting Officer's Representative, mwakilishi wa afisa mikataba), au COTR (Contracting Officer's Technical Representative) kwa wale waliozoea jina la zamani. Kanuni kuu zinazotuongoza ni Kanuni za Ununuzi za Serikali Kuu, zinazoitwa FAR, zilizoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1984. Tangu amri ya rais ya Aprili 2025, kanuni hizo zinaandikwa upya sura kwa sura, kwa hiyo usitegemee namba za vifungu ulizokariri zamani. Angalia mkataba wako umetaja toleo lipi.

Barua yenyewe

Barua sahihi inaeleza upana wa mamlaka uliyopewa, mipaka yake na muda wake. Inasema kwamba mamlaka hayo huwezi kumgawia mtu mwingine. Na inasema, kwa maneno yasiyo na sukari, kwamba unaweza kuwajibika wewe binafsi kwa jambo ulilolifanya nje ya mamlaka hayo. Nakala yake hupewa mkandarasi pia. Hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani: mkandarasi anajua barua yako inasema nini, na kama yeye ameisoma na wewe hujaisoma, ameshakutangulia.

Ukienda likizo, usimwambie jirani yako wa meza, "Nishikie huu mkataba kidogo." Huna mamlaka ya kuushikisha. Mwandikie afisa mikataba mapema amteue wa akiba kwa barua yake mwenyewe. Ukihamishwa idara, vivyo hivyo: uteuzi unafutwa kwa maandishi na mwingine anateuliwa kwa maandishi. Mkataba usibaki hata siku moja ukiwa na mwakilishi wa kudhaniwa.

Kuhusu mafunzo, mashirika ya serikali yasiyo ya kijeshi yana ngazi tatu kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2011. Ngazi ya kwanza inataka saa 8 za mafunzo, haidai uzoefu, na ni ya mikataba midogo isiyo na hatari kubwa. Ya pili ni saa 40 pamoja na uzoefu wa mwaka 1. Ya tatu ni saa 60 pamoja na miaka 2, nayo ni ya miradi mikubwa. Cheti hudumishwa kwa kujiendeleza kila baada ya miaka 2. Wizara ya Ulinzi ina mpangilio wake wenyewe. Usikubali mkataba uliozidi ngazi yako kwa sababu tu hakuna mwingine aliyepatikana. Mwambie bosi wako ukweli huo.

Kama unaweza, ingia kwenye kazi kabla mkataba haujatolewa, wakati mahitaji bado yanaandikwa. Kwa mikataba ya kurudisha gharama, yaani ile ambayo serikali humlipa mkandarasi gharama alizotumia, kanuni zinataka mwakilishi awe ameshapangwa kabla ya mkataba kutolewa. Aliyeshiriki kuandika "joto la chumba cha seva lisizidi nyuzi kadhaa kwa zaidi ya dakika 30" atajua kulipima. Anayekuta imeandikwa "huduma iwe ya kuridhisha" ataumwa kichwa mpaka mkataba uishe.

Mipaka: bei, ubora, kiasi, muda

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo watu wema huumizwa. Mwakilishi wa kiufundi hana mamlaka ya kutoa ahadi wala kufanya badiliko lolote linalogusa bei, ubora, kiasi, muda wa kukabidhi, au sharti jingine lolote la mkataba. Wala hana mamlaka ya kumwelekeza mkandarasi, au mkandarasi mdogo aliye chini yake, afanye kinyume na mkataba. Weka maneno haya manne mahali utakapoyaona kila siku: bei, ubora, kiasi, muda. Kabla hujamjibu mkandarasi jambo lolote, jiulize kama jibu lako linagusa mojawapo. Likigusa, jibu si lako.

Mahakama Kuu ya Marekani ilishalisema hili mwaka 1947, kwenye kesi ya shirika la serikali la bima ya mazao dhidi ya Merrill. Wakulima wa jimbo la Idaho waliomba bima ya ekari 460 za ngano. Ekari 400 kati ya hizo zilikuwa zimepandwa upya juu ya shamba la ngano ya msimu wa baridi. Walilieleza jambo hilo wazi kwa kamati ya wilaya iliyokuwa ikiliwakilisha shirika, na kamati ikawaambia shamba lote linaweza kuwekewa bima. Ukame ukaja, mazao mengi yakafa, wakadai fidia. Shirika likakataa, kwa sababu kanuni zake hazikuruhusu bima kwa ngano iliyopandwa upya. Majaji walio wengi, 5 kwa 4, wakasema kwamba anayefanya shughuli na serikali ndiye anayebeba jukumu la kujua kama mtu anayeongea naye ana mamlaka hayo kweli. Wakulima wakakosa.

Unaweza kufikiri kesi hiyo inakulinda wewe na serikali, basi yaishe. Mimi huisoma kwa upande wa yule mkulima. Aliuliza kwa unyoofu, akajibiwa na mtu aliyeonekana kuwa na mamlaka, akaamini, akapoteza mazao bila fidia. Kila ninapomjibu mkandarasi, hasa kampuni ndogo ambayo mwezi mmoja bila malipo unaweza kuiyumbisha, namkumbuka yule. Neno nililolitoa kwa wepesi linaweza kumtoa mtu fedha mfukoni mwake, na sheria isimrudishie.

Mwaka 2007, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilishughulikia kesi ya mkandarasi aliyekuwa akikarabati jengo la kihistoria kwenye kituo cha mafunzo cha Jeshi la Majini huko Great Lakes, Illinois. Mkandarasi alisema meneja wa mradi wa upande wa serikali ndiye aliyemwelekeza afanye kazi za ziada. Mahakama ikaona mkataba ulishasema wazi kwamba mabadiliko ni ya afisa mikataba peke yake, hivyo meneja yule hakuwa na mamlaka ya kuubadilisha. Kilichobaki kikawa ni kuchunguza kama mwenye mamlaka aliridhia baadaye. Kesi nzima ilizaliwa na maelekezo ya eneo la kazi, ya watu waliotaka kazi iende.

Sasa tuone jambo hili linavyokuja kwenye maisha ya kila siku, maana halijagi likiwa limevaa koti la kesi. Linakuja hivi. Uko kwenye chumba cha mitambo, mafundi wameshusha maji kwenye bomba ili wabadilishe vali mbili zilizotajwa kwenye mkataba. Fomeni anakufuata huku anafuta mikono:

"Mhandisi, tumefungua tukakuta na hii ya tatu imeoza. Si tuimalize kabisa, maadamu maji yameshashushwa?"

Kiufundi ana haki. Kuishusha mifumo mara ya pili kwa ajili ya vali moja ni hasara ya muda na kemikali za maji. Kila mshipa wa uhandisi mwilini mwako unataka kusema, "Sawa, endelea." Ukisema hivyo umeongeza kiasi, na kiasi kikiongezeka bei nayo imeongezeka. Jibu linalofaa ni kama hili:

"Nimeiona, na naona hoja yako. Mkataba umetaja vali mbili, hii haimo, kwa hiyo mimi siwezi kukuagiza uibadilishe. Mwambie meneja wako amwandikie afisa mikataba sasa hivi, aweke bei na muda. Mimi nami namwandikia kueleza nilichokiona, na kwamba maji yameshashushwa."

Halafu unafanya kweli. Unapiga picha, unampigia simu afisa mikataba, unafuatisha barua pepe saa hiyohiyo yenye maelezo ya kiufundi: vali ipi, imeoza kiasi gani, kusubiri kutagharimu nini, na makadirio yako huru ya gharama. Afisa mwenye taarifa nzuri anaweza kuamua upesi. Asiye na taarifa atachelewa, na kuchelewa huko mara nyingi ni kosa la aliyekuwa kwenye chumba cha mitambo asiandike kitu. Hatari ya moto au ya maisha ni jambo jingine: hapo watoe watu kwanza, kisha piga simu palepale.

Kunyamaza nako ni kusema. Ukimwona mkandarasi anafanya kazi isiyo kwenye mkataba, ukapita ukitabasamu, kesho atasema serikali iliona ikakubali. Mwambie wazi kwamba huoni kazi hiyo kwenye mkataba na kwamba hukuiagiza, umshauri aulize kwa afisa mikataba, kisha uiandike.

Na ikitokea mtu asiye na mamlaka ameshaahidi? Upo utaratibu wa kuridhia ahadi hiyo baadaye, lakini unapanda hadi ngazi za juu na una masharti: serikali iwe imepokea kitu au imenufaika, bei iwe ya haki, fedha ziwe zipo na ziwe zilikuwapo wakati ahadi inatolewa, na afisa mikataba apendekeze malipo. Hakuna anayelazimika kuridhia. Nyuma ya yote imesimama sheria inayokataza mtumishi kuifunga serikali kwa fedha ambazo Bunge halijaidhinisha, na kuivunja kwa makusudi ni jinai.

Wiki ya kwanza

Soma mkataba wote. Ukiwa umeandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa herufi, anzia sehemu C yenye maelezo ya kazi, kisha E ya ukaguzi na mapokezi, F ya muda wa kukabidhi, G ya usimamizi, na H ya masharti maalumu. Mimi hutengeneza jedwali langu la ukurasa mmoja: mkandarasi anatakiwa kufanya nini, lini, kwa kipimo gani, na mkataba unasema hivyo wapi. Safu ya nne ndiyo yenye thamani. Siku ya mabishano, hoja isiyo na namba ya kipengele ni maoni tu.

Kisha kuwe na kikao cha kuanza kazi. Afisa mikataba akiongoze yeye. Wewe omba dakika chache useme mbele ya watu wote, mkandarasi akisikia, mambo unayoweza kuyaamua na yale usiyoweza. Ukilisema siku ya kwanza linakuwa utaratibu. Ukilisema mwezi wa sita, siku ya ugomvi, litaonekana kisingizio.

Kukagua na kuandika

Mkataba mzuri wa huduma huja na mpango wa ukaguzi wa ubora. Mpango huo unasema utakagua nini, kwa njia gani na mara ngapi: kila kitu, sampuli, ratiba ya vipindi, au malalamiko ya watumiaji yaliyothibitishwa. Ufuate. Ukiona haufai, omba ubadilishwe, usiuache ukakagua kwa hisia. Mwakilishi anayekagua sana mwezi aliokasirika na kulegea mwezi aliofurahi anajitengenezea shahidi wa upande wa pili.

Nenda mwenyewe. Kadi za matengenezo zinaweza kusema kila kitu ni salama huku chujio la hewa limegeuka blanketi la vumbi. Napenda kuzisoma kadi za mwezi mzima kwa pamoja, nikizipanga juu ya meza. Nikiona shinikizo la pampu limeandikwa tarakimu ileile siku baada ya siku, kwa wino uleule na mwandiko usioyumba, najua kuna mtu aliyekaa kitini akajaza kadi zote kwa mara moja. Mtambo hai haukai kwenye namba moja. Hapo sisemi "mmeghushi," kwa sababu sijathibitisha. Nashuka chini na kipimo changu, nasoma shinikizo mbele ya fomeni, naandika tarakimu niliyoiona kando ya ile iliyomo kwenye kadi, na nampelekea afisa mikataba zote mbili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali hii ni ya watu waliolipa kodi. Lakini daftari lenyewe liwe la kusomeka. Linganisha maandishi haya mawili. La kwanza: "Mkandarasi anazembea, kazi yake hairidhishi." La pili: "Jumanne saa 3:20 asubuhi, chumba cha mitambo ghorofa ya chini, feni namba 4. Mkanda umechanika upande mmoja, sentimita 6 hivi. Kadi inaonyesha ulikaguliwa jana na kuandikwa 'sawa'. Picha tatu. Fomeni wa zamu alikuwepo. Mkataba, kipengele cha matengenezo ya feni, unataka mkanda uliochakaa ubadilishwe siku hiyohiyo." Andiko la kwanza linaonyesha umekasirika. La pili, jaji atakayelisoma miaka mitano baadaye, bila kukujua wewe wala feni yenyewe, ataelewa kilichotokea.

Jalada lako liwe na barua ya uteuzi, maelezo ya majukumu uliyogawiwa, na kumbukumbu ya kila ulichokifanya kwa mamlaka hayo. Mimi naongeza nakala ya mkataba na marekebisho yake yote, taarifa za ukaguzi, muhtasari wa vikao, barua pepe, na nakala za ankara nilizozipitia. Mazungumzo ya simu nayaandikia barua pepe fupi siku hiyohiyo: "Tulichozungumza ni hiki, kama nimeelewa vibaya nijulishe." Inachukua dakika chache, na imemaliza mabishano mengi kabla hayajaanza.

Kazi ikiwa na kasoro, kipengele cha ukaguzi kwa kawaida kinaipa serikali haki ya kudai irudiwe bila gharama ya ziada, au kupunguza malipo pale ambapo huduma haiwezi kurudiwa. Kumtaarifu mkandarasi kasoro uliyoiona mara nyingi ni kazi yako. Kupunguza bei ni kazi ya afisa mikataba. Na fahamu kwamba ukishaipokea kazi rasmi, mlango unafungwa: kwa vifaa vya bei ya kudumu, mapokezi ni ya mwisho isipokuwa kwa kasoro iliyojificha, udanganyifu, au kosa kubwa lililo sawa na udanganyifu. Kwa hiyo usisaini jenereta ambayo hujaiwasha, tena ikiwa imebebeshwa mzigo kamili uliotajwa kwenye mkataba. Jenereta isiyo na mzigo hunguruma vizuri hata kama haina nguvu.

Ankara

Hapa saa inakimbia. Kwa mikataba mingi, serikali inatakiwa kulipa ndani ya siku 30 tangu ipokee ankara sahihi au ipokee kazi, lolote litakalokuwa la mwisho. Malipo ya hatua kwa hatua ya ujenzi ni siku 14. Siku zikipita, riba inaanza kuhesabika yenyewe bila mkandarasi kuidai. Ankara yenye kasoro irudishwe ndani ya siku 7 pamoja na sababu. Na kwa hesabu ya riba, kazi huhesabiwa imepokelewa siku ya 7 tangu ikabidhiwe hata kama wewe bado unajishauri, isipokuwa kama kuna mabishano kuhusu kiasi, ubora au utekelezaji wa masharti. Kukalia ankara mezani ni kuitoza serikali riba na kumnyima mkandarasi mishahara ya mafundi wake. Ikiwa sahihi ipitishe. Ikiwa na kasoro irudishe. Kuiacha ilale si uamuzi.

Kwa mkataba wa bei ya kudumu, unachoangalia ni kama kitu kimefika na kimefanya kazi. Mkataba wa saa na vifaa, ambapo mkandarasi hulipwa kwa saa za watu wake na vifaa vilivyotumika, unataka jicho kali zaidi, kwa sababu mkandarasi hana faida yoyote anayoipata kwa kubana saa. Kanuni zenyewe zinakiri hivyo, ndiyo maana zinadai usimamizi wa serikali. Oanisha karatasi za saa na daftari la walinzi getini, na madaraja ya mafundi na watu uliowaona. Ankara ikidai saa za fundi mkuu na wewe ulimkuta mwanafunzi wake peke yake na bisibisi, huo ni wizi au ni kosa la karani, na si kazi yako kuhukumu lipi. Kazi yako ni kuandika ulichokiona na kupendekeza kiasi cha kukatwa.

Mikataba ya kurudisha gharama ina kengele yake: mkandarasi hutakiwa kutoa taarifa anapoona gharama za siku 60 zijazo, zikijumlishwa na zile zilizokwisha kutumika, zitavuka asilimia 75 ya fedha zilizotengwa. Weka hesabu yako mwenyewe kila mwezi, usingoje kengele ilie.

Heshima na umbali

Mafundi wa mkandarasi si watumishi wako. Huwapangii zamu, huwapi likizo, humfukuzi mtu. Una tatizo na fundi? Ongea na meneja wao kuhusu kazi ilivyotoka. Ukianza kuwaamrisha mmoja mmoja, mkataba unageuka ajira ya mlango wa nyuma, jambo ambalo sheria hairuhusu bila kibali maalumu.

Zawadi: kanuni za maadili zinaruhusu kitu kisichozidi dola 20 kwa mara moja, na kisichozidi dola 50 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja, fedha taslimu zikiwa zimekatazwa kabisa. Mimi sichukui hata hicho. Kwetu kukataa chai ya mtu ni kumvunjia heshima, najua, na mwanzoni inauma. Kataa kwa upole na mara moja, siku ya kwanza, ukieleza kwamba ni kazi tu. Watu huelewa. Na kama ndugu yako, au mwenzi wako, ana hisa au ajira kwenye kampuni inayohusika, mwambie afisa mikataba kabla hajagundua kwa mtu mwingine.

Mambo yakiharibika

Mwandikie afisa mikataba mapema, wakati tatizo bado ni dogo. Yeye ndiye anayeweza kutoa notisi ya kumtaka mkandarasi arekebishe, ambayo kwa kawaida humpa siku 10 au zaidi, na ndiye anayeweza kuvunja mkataba kwa kosa. Usimtishie mkandarasi kwa mambo hayo. Si yako kuyatoa, na tisho lisilo na mamlaka linadhoofisha lile lenye mamlaka.

Mkandarasi naye ana haki zake, na napenda mwakilishi azijue vizuri. Chini ya sheria ya migogoro ya mikataba ya mwaka 1978, anaweza kuwasilisha dai rasmi kwa afisa mikataba ndani ya miaka 6 tangu dai lilipozaliwa. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 90 za kukata rufaa kwenye bodi ya rufaa za mikataba, au miezi 12 ya kwenda Mahakama ya Madai ya Shirikisho. Wakati huo huenda wewe umeshahamia jimbo jingine. Utaitwa, na utaulizwa siku ile kwenye chumba cha mitambo ulisema nini.

Tathmini na kufunga

Kwa mikataba inayofikia kiwango cha thamani kilichowekwa, utendaji wa mkandarasi hutathminiwa walau mara moja kwa mwaka na mwisho wa kazi, kwenye mfumo uitwao CPARS. Kuna madaraja matano, kutoka bora kabisa hadi isiyoridhisha, na mkandarasi hupewa siku 14 za kutoa maoni yake. Mara nyingi wewe ndiye utakayeandika rasimu. Iandike ukiwa na jalada wazi pembeni. Ofisi nyingine za serikali zitaisoma kabla ya kumpa kazi mpya, kwa hiyo sifa ya bure inawapelekea wenzako mzigo, na lawama ya bure inaweza kuifunga kampuni ya watu. Aliyefanya vizuri mpe haki yake kwa mifano: jenereta iliyowaka sekunde zilizotakiwa usiku umeme ulipokatika, fundi aliyegundua uvujaji kabla haujafika kwenye nyaya. Nimeona watu wakijaza "ya kuridhisha" kila mahali ili wasiandike maelezo mengi. Ni dhuluma kwa mkandarasi mwema.

Mwisho wa mkataba, hakikisha kila kitu kilichotakiwa kukabidhiwa kimekabidhiwa: vitabu vya mitambo, nywila za mifumo ya udhibiti, funguo, vitambulisho vya mafundi, mali ya serikali iliyokuwa mikononi mwa mkandarasi, na hati za dhamana ambazo bado hazijaisha. Mpelekee afisa mikataba barua ya kuthibitisha kazi imekamilika na ankara ya mwisho imepitiwa. Kisha mkabidhi jalada, lote, kwa orodha iliyosainiwa na ninyi wawili. Kumbukumbu za mkataba hutunzwa miaka 6 baada ya malipo ya mwisho, na picha zilizobaki kwenye simu yako hazihesabiki kuwa zimetunzwa. Zihamishe kwenye jalada, zipe tarehe na jina la mahali, kabla hujarudisha simu ya ofisi.